Bolti kwenye Kona, Mbao Pembeni

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja wa kiangazi baba yangu alipokuja kuegesha pikapu mbele ya gereji yetu pale Omurushaka, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Pikapu yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa ya baba yangu mdogo, Simoni, mnunuzi wa kahawa. Kilichoniuma ni kile kizimba cha chuma kilichosimamishwa juu ya bodi yake, kimepakwa rangi ya bluu inayong'aa na kuchorwa maua mekundu kila kona. Kizimba kile kilikuwa kazi ya Deusi. Na mume wangu Faustini, Mungu amlaze pema, naye alikuwa fundi wa magari. Gereji yake na ya Deusi zilitazamana, barabara tu ikizitenganisha. Sasa fikiria. Baba yangu mzazi, mwenye mkwe fundi, alikuwa amevuka barabara akampa kazi jirani.

Usinitazame hivyo. Mimi ni mtu wa wivu, sifichi, na uzee huu wote haujaumaliza. Lakini sikiliza kwanza ndipo unicheke.

Ilikuwa miaka ya themanini, baada ya vita, wakati spea za magari hazipatikani hata ukienda Bukoba mara ngapi, unarudi mikono mitupu. Gari likivunjika kitu, kitu hicho kinatengenezwa hapahapa. Watu walitengeneza bampa kwa mabomba ya maji, madigadi kwa mapipa, keria za juu ya basi kwa vyuma vya vitanda. Faustini alikuwa fundi wa namna hiyo kabla Deusi hajafika. Hakuwa na umeme wala mashine. Alikuwa na keekee ya mkono, nyundo, tasa la bolti na nati alizookota kwenye magari mabovu, na subira iliyokuwa ikinichosha hata mimi. Akitengeneza keria, anaitoboa tundu moja asubuhi, la pili mchana. Ikiisha ina sura mbaya, nyeusi, imejaa vichwa vya bolti. Lakini haing'oki.

Halafu akaja Deusi kutoka upande wa Mwanza, na jenereta na mashine ya kuchomelea. Ai mawe! Omurushaka nzima ilisimama kutazama zile cheche. Kazi ya siku tatu za Faustini, Deusi aliimaliza kabla ya chakula cha mchana, na juu yake akapaka rangi. Wenye magari wakahama. Hata wale ambao mume wangu aliwatengenezea gari kwa ahadi tu walivuka barabara bila kugeuza shingo. Bampa moja ya Deusi ilidondoka njiani kuelekea Kyerwa, gari lenyewe likaikanyaga, na mwenye gari akairudisha kwa Deusi ikanyooshwa na kupakwa rangi upya, akashukuru. Nilipolisikia hilo nililia kwa hasira.

Na alikuwa na mke, Deusi. Mwanamke mrefu, msafi, hana neno na mtu. Kila Jumapili alikwenda kanisani na kitenge kipya, nami nikikaa benchi la nyuma yake nikihesabu maua ya kitenge kile badala ya kusali. Alinisalimu kwa adabu, nikaitika kwa midomo. Nilimwonea kijicho kwa nguo, kwa sufuria zake, kwa bati jipya la nyumba yake, na kwa namna alivyokuwa akicheka mlangoni na mumewe saa za jioni, wakati wangu ananoa keekee.

Basi baba alishuka kwenye pikapu siku ile. Yeye alikuwa mfugaji kule Rugu, mtu wa maneno machache. Babu yetu alivuka mto akitokea Rwanda na ng'ombe wake, na baba aliamini kwamba mtu anayesema sana hajapata bado cha kusema. Faustini alivua kofia, akasimama mbali kidogo, wakasalimiana kama wasalimianavyo watu na wakwe zao, kila mmoja akitazama chini.

"Ninaliacha gari hapa," baba akaniambia mimi, si yeye. "Ninakwenda na mdogo wangu kumsalimu rafiki yetu kule juu. Tutarudi jua likipungua. Kesho Bihogo anapanda humu."

Bihogo alikuwa ng'ombe wa rangi ya damu ya mzee, amezaa mara moja na sasa ana mimba, mwenye pembe ndefu zilizopanuka kushoto na kulia, nzuri kuliko zote zizini. Huyu ndiye aliyechaguliwa kuongoza mahari ya mdogo wangu Leonidas. Leonidas alikuwa amempenda binti wa Songambele, Anastazia, na wazee walikuwa wameshazungumza. Ng'ombe wengine walitangulia kwa miguu na wachungaji. Bihogo, kwa sababu ya mimba yake na mbung'o wa porini, angepelekwa kwa gari. Na kwetu, mwanangu, ng'ombe wa mahari hufika mzima: macho, mkia, kwato, pembe zote mbili. Akifika na kilema, ni kama umeutazama mlango wa watu ukasema binti yao anafaa kilema. Ndoa nzima ya mdogo wangu ilikuwa juu ya pembe zile.

Baba alipoondoka nilimgeukia mume wangu. "Umeona? Amekuja kutuonyesha. Hakutosheka kumpa kazi adui, ameileta na kuiegesha mlangoni kwetu watu wote waione."

 Faustini alikuwa ameshaanza kulizunguka gari. Akachuchumaa chini ya bodi, akagonga kona moja kwa kipini cha nyundo, akasikiliza, akagonga kona nyingine. Akaweka ngumi yake kati ya vyuma vya pembeni, kisha mkono mzima. Alichukua muda mrefu. Aliporudi alijifuta mikono akaniita ndani.

"Mke wangu, sikiliza vizuri," alisema. "Nguzo za kona amezichomelea juu ya rangi na kutu. Zimeshika ngozi tu, ndani hazikushika. Gari likidunda shimoni zitaachia. Na vyuma vya pembeni amevipanga kwa kupima mwili wa ng'ombe, hakupima pembe. Pembe inapita pale, ikigeuka haitoki. Mwambie baba hivi: bolti kwenye kona, mbao pembeni. Basi. Ni kazi ya muda mfupi. Akikubali, naifanya leo na kesho wanaondoka salama."

"Mwambie wewe."

"Mimi?" Alinishangaa. "Mimi ni mkwe, na ni fundi mshindani. Nikimwambia mimi nitakuwa namkosoa mzee na kujiombea kazi kwa kinywa kimoja. Na kazi ya mwenzangu siigusi bila mwenye gari kuniambia. Wewe ni mtoto wake. Mpelekee neno hilo."

Akatoa bolti nne ndefu, akaziweka kwenye kopo mlangoni. Akaegemeza mbao nne ukutani. Kisha jua lilipoanza kupungua akaenda nyuma ya nyumba, maana si heshima mkwe kukaa akisikiliza habari zake zikizungumzwa.

Baba alirudi, akakaa kwenye kigoda. Nikampa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama inavyompasa mgeni. Alitafuna taratibu, akaitazama pikapu, akanitazama mimi.

"Mumeo anasemaje?" akauliza.

Mwanangu, swali lilikuwa hilo tu. Lakini mimi sikulisikia kama swali. Nililisikia kama mtu ametia kidole kwenye kidonda, na yote niliyokuwa nimeyameza tangu Deusi afike yakanipanda kooni.

"Mume wangu aseme nini, baba? Aseme nini wakati wewe umempa kazi mtu wa kuja? Tangu ameingia hapa tunakula mihogo. Watu wanapofushwa na rangi, na wewe baba nawe umepofushwa! Umeona mkewe anavyotembea? Kila Jumapili kitenge. Kinatoka wapi kitenge kama si kwa kazi za kulipua, za haraka haraka? Anacheka na mumewe mlangoni makusudi ili nimwone. Maua anachora, maua! Ng'ombe anakula maua ya rangi?"

"Paskazia," baba alisema, "nimekuuliza mumeo anasemaje."

Aliuliza mara ya pili, jamani waitu. Mara ya pili. Nami nikaendelea. Nikataja ile bampa iliyodondoka. Nikataja bati la nyumba yao. Nikasema Deusi hapigi goti kanisani. Na katikati ya hayo yote, nikiwa nimeshaishiwa pumzi, nikasema, "Fundi gani hajui hata bolti kwenye kona wala mbao pembeni," kwa sauti ileile na mdomo uleule uliopinda niliosemea habari za kitenge.

Leonidas alikuwa amesimama karibu na gari, amekuja na baba kulichukua, maana kesho yeye ndiye angemshika ng'ombe njiani. Alicheka. Baba mdogo Simoni naye akacheka, akasema, "Huyu dada yako kijicho kitamuua." Baba hakucheka. Alitema maganda ya kahawa, akainuka, akanishukuru kwa kahawa, wakapanda gari wakaenda zao. Faustini akatoka nyuma ya nyumba. Akatazama barabara, akatazama kopo la bolti, akaniuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia," nikasema. Na niliamini nimemwambia.

Akazirudisha mbao ndani.

Kesho yake nilikuwamo safarini, kwa kuwa dada wa bwana harusi ndiye hutangulia kuwasalimu wanawake wa upande wa pili. Nilikaa mbele, katikati ya baba mdogo na baba. Leonidas alikuwa nyuma na Bihogo. Ng'ombe alipanda kwa utulivu, akatazama mbele, na njia ya mwanzo ilikuwa nzuri. Nikaona kile kizimba kinashika, nikaudhika. Ndiyo, niliudhika kwamba kinashika! Nilikuwa naomba kitoe walau mlio.

Kilitoa. Kwenye mteremko, mahali ambapo mvua zilikuwa zimechimba barabara, tulidunda shimoni, na nyuma kukasikika mlio kama wa mlango wa bati uliopigwa teke. Leonidas akapiga kelele. Tuliposhuka tulikuta kona mbili zimeachia, upande mzima wa kizimba umelala nje ya gari, na Bihogo ameanguka kwa magoti, pembe yake ya kulia imepenya kati ya vyuma na kunasa. Kila alipojitikisa, ule upande uliolegea ulikuwa unamvuta kwa uzito wake. Leonidas alikuwa amemkumbatia shingo, anamwita kwa jina, anamwimbia kama watu wanavyowaimbia ng'ombe kisimani ili watulie. Baba akapanda. Baba mdogo akashika chuma. Mimi nikashika mkia wa gari nisijue la kufanya.

Sauti ya pembe kuvunjika sitaisema. Ilivunjika karibu na kichwa, damu ikamfunika jicho. Mdogo wangu alivua shati lake la sherehe akamfunga.

Tulifika Songambele kwa heshima zote za aibu. Wakwe hawakutugombeza, hilo ndilo lililouma zaidi. Mzee wao, baba mkubwa wa Anastazia, alimzunguka Bihogo, akagusa kile kitambaa chenye damu, akasema kwa upole, "Ng'ombe huyu ameumia. Mrudisheni nyumbani apone. Na ninyi mpumzike, tutazungumza siku nyingine." Uji tulipewa, mahari haikupokelewa. Baba alituma ujumbe baadaye wa kupeleka ng'ombe mwingine, lakini wazee kule walikuwa wameshaona dalili mbaya, na jambo likianza kutazamwa kwa jicho hilo halinyooki. Kabla ya mvua kubwa tukasikia Anastazia ameposwa na ukoo mwingine. Aliolewa huko.

Kuhusu Deusi, unataka kujua alisema nini? Alikuja Rugu mwenyewe kuomba msamaha, na katika kuomba msamaha akasema, "Lakini mzee, na ng'ombe wenu nao pembe zao zimezidi. Kwetu ng'ombe ana pembe kama vidole." Alikuwa anasema kweli, maskini, hakuwahi kumtengenezea kizimba ng'ombe wa huku. Lakini kwamba alichomelea juu ya kutu na rangi, hilo halikuwa kosa la pembe.

Nilikwenda Rugu baada ya hapo kumwona baba, na nilikwenda na maneno yangu tayari. Nilitaka kumwambia, si nilikuambia? Nilimkuta anampaka dawa Bihogo. Nikasalimu, nikasaidia kumshika kichwa, na kabla sijafungua kinywa akaanza yeye.

"Unafikiri nilimpa Deusi kazi kwa sababu simheshimu mumeo?"

Nikakishika vizuri kichwa cha Bihogo.

"Kazi ya mkwe haikataliwi," baba akasema. "Angenitengenezea vibaya, ningeirudishaje? Ningemwambia nini? Ningebaki nayo hivyo hivyo na kushukuru. Mtu wa nje naweza kumwambia bomoa, anza upya. Ndiyo maana nilikwenda kwa mtu wa nje. Lakini mimi ni mchunga ng'ombe, chuma sikijui. Nikasema, nitalileta gari kwa Faustini, niliache hapo mchana kutwa. Ana macho, ataangalia. Hataweza kuniambia uso kwa uso, atamwambia mke wake. Binti yangu ataniambia mimi. Nilikuuliza, Paskazia. Nilikaa kwenye kigoda chako nikingoja neno la mumeo, nikakuuliza mara mbili."

"Nililisema, baba. Bolti kwenye kona, mbao pembeni. Nililisema!"

Akaacha kupaka dawa. "Basi lilikuwa humo," akasema. "Mimi nilisikia wivu. Mtu akisema kwa wivu, mwanangu, msikilizaji anapunguza. Anapunguza hili, anapunguza lile, mwisho anapunguza yote."

 Leonidas alikuwa amesimama nyuma ya uzio wa zizi na ndoo ya maziwa, na alikuwa amesikia. Hatukuwa tumezungumza mimi na yeye tangu Songambele. Akaja, akaiweka ndoo chini.

"Dada," akasema, "kumbe ulijua?"

"Nilisema, Leonidas. Ulikuwepo. Uliona nikisema."

"Nilikuwepo," akasema. "Nakumbuka kitenge. Nakumbuka bati. Nakumbuka mke wa Deusi anavyocheka mlangoni." Alijaribu kutabasamu, ikamshinda. "Bolti siikumbuki, dada. Haki ya Mungu siikumbuki. Ningeikumbuka ningeifunga mwenyewe kwa meno."

Akachukua ndoo yake akaenda. Hakunilaumu tena maisha yake yote, na alioa baadaye, akapata watoto wazuri, wewe unawajua. Ila siku hiyo nilibaki nimeshika kichwa cha ng'ombe mwenye pembe moja, sina pa kuupeleka uso wangu.

Na ili usinione nimekuwa malaika, nikwambie hili pia. Mume wangu alivuka barabara akamwonyesha Deusi jinsi ya kukwangua chuma mpaka king'ae kabla ya kuchomelea, na jinsi ya kutoboa kona na kuweka bolti ndani yake. Wakafanya kazi pamoja miaka mingi. Nilinuna! Nilimnunia Faustini mpaka akawa anapika mwenyewe.

Basi, mwanangu, wewe uliyeshika ufundi, nisikilize ninalokuambia. Sikukatazi kuona wivu. Ukiona fundi mwenzako anapata wateja na wewe unakaa, moyo utauma, na anayekuambia hautauma anakudanganya. Kazi mbovu ukiiona, iseme, hata kama ni ya mshindani wako. Gari lile litapakia mtu. Ila unapokuwa na jambo la kweli la kusema, liseme peke yake. Taja kona, taja chuma, taja bolti, kisha funga kinywa. Nguo za mkewe ziache. Bati lake liache. Kama moyo unawaka sana, nenda kwanza nyuma ya nyumba ukapasue kuni, ndipo urudi useme. Na ukitumwa neno na mtu mwenye busara kuliko wewe, usilichanganye na ya kwako, kwa maana anayelingoja hatajua kuchambua.

Na wewe unayesikiliza, usicheke haraka unapomsikia mwenye kijicho. Muulize mara ya tatu.

Mungu akujalie mikono isiyolipua kazi. Akupe watu wa kukuambia ukweli, na masikio ya kuusikia hata ukija na sauti mbaya. Neno unalobeba kwa ajili ya ndugu yako, Mungu alilinde kinywani mwako, limfikie likiwa zima.